Mwiko Hauna Kidogo

Mama mkwe wangu nilimfahamu miaka mingi, lakini ukiniomba nikueleze uso wake nitakwama. Naweza kukueleza sauti yake. Ilikuwa sauti nene kidogo, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali, na hata aliponong'ona jikoni mtu aliyelala chumba cha tatu aliamka. Uso niliuona kwa kuiba, tena upande tu, na katika picha pekee tuliyo nayo ya harusi yetu ameinama anatafuta kitu chini. Mke wangu anasema hakuwa anatafuta kitu.

Kwao Usukumani mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawaangaliani. Hawapeani mikono. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hawalali nyumba moja, na zaidi ya yote hawali pamoja, maana mmoja hatakiwi kumwona mwenzake akitafuna. Siku hizi vijana wa mjini wanaifanya mzaha, na zipo familia zinazoiondoa desturi hiyo kwa kutoa mbuzi na kufanya sherehe ndogo. Yeye hakutaka kusikia habari za mbuzi. Alisema heshima inayonunuliwa kwa mbuzi itauzwa kwa kuku.

Mimi natoka Hanang, karibu na mashamba makubwa ya ngano, na nyumbani kwetu mama mkwe unamwamkia kama unavyomwamkia mama yeyote. Siku ya kwanza kufika kwao, kijiji kimoja cha Kishapu si mbali na Songwa, nilimwona mama anatoka jikoni na ungo, nikamwendea mbio mkono ukiwa mbele. "Shikamoo mama!" Mama akaachia ungo, mchele ukamwagika, akageuka akaingia kwenye shamba la mtama na kupotea. Nilibaki nimesimama na mkono wangu hewani. Mke wangu, wakati huo bado mchumba, alicheka mpaka akakaa chini. "Umemfukuza mama yangu nyumbani kwake," alisema.

Alirudi jioni kwa njia ya zizini. Hakukasirika. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika na mji mzima, kwamba kijana ana haraka lakini ana adabu, na kwamba mchele uliomwagika utaokotwa na aliyeumwaga. Niliuokota.

Kwa kuwa hatukuweza kusemezana, alisema na kuku. Kama mke wangu au wajukuu walikuwepo, maneno yalipitia kwao. Kama hawakuwepo, alisimama nyuma ya ukuta wa jiko na kuwahutubia kuku. "Nyie kuku, huyo Baba Kulwa ataondoka bila kunywa uji?" "Kuku, kuna mtu kaacha shati kwenye kamba, na mvua hiyo inakuja." Watoto wetu mapacha, Kulwa na Doto, walikua wakidhani kila bibi huongea na kuku. Kazi yangu ni ufundi wa makarasha, mashine za kusaga mawe yenye dhahabu, na kazi hiyo hakuipenda. "Kuku, hivi mtu akisaga mawe mwaka mzima, anakula mawe?" Nilikuwa nasikia, naye alijua nasikia, na kuku waliendelea kuparura.

Alikuwa mchoyo wa sifa na mkarimu wa chakula. Alikwenda kanisani kila Jumapili, na kila Jumatatu alikwenda kwa mzee wa dawa za mitishamba, akasema Mungu hana wivu mdogo kiasi hicho. Aligombana na jirani yake kuhusu mpaka wa shamba kwa ukali wa kutisha, na jirani huyohuyo alipougua yeye ndiye aliyemkamulia maziwa asubuhi na jioni. Ukimshukuru alikasirika. Alisema shukrani ni mlango wa kutokea, mtu anayekushukuru sana anataka kuondoka.

Nilianza kuugua nikiwa kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Tulikula kama wachimbaji wote wanavyokula: asubuhi supu na chapati, mchana chochote, jioni bia. Tumbo likaanza kujaa na kuharisha. Nikadhani ni maji. Nikanywa dawa za minyoo, za amiba, za taifodi. Nikakonda mpaka mkanda wa suruali ukatobolewa matundu mapya. Miguu ikaingia ganzi, halafu vidole vya mikono, nikawa naangusha spana mbele ya wateja. Kwenye machimbo mtu akikonda majibu yapo tayari: ana virusi, amerogwa, au ametolewa kafara ili duara, yaani shimo la kuchimbia, la tajiri fulani litoe dhahabu. Nilipimwa virusi, nikapimwa tena, sikuwa navyo. Haikusaidia. Wenzangu tuliokuwa tunakula sinia moja walianza kushiba mapema.

Huko Mwanza, kwenye hospitali kubwa, waliniingiza kooni mpira wenye kamera wakachukua kipande cha utumbo. Daktari alinitajia jina la ugonjwa, seliaki. Alisema mwili wangu unapigana na gluteni, kitu kilichomo kwenye ngano na shayiri, na katika kupigana huko unauharibu utumbo wenyewe. Dawa hakuna, dawa ni kuacha. Chapati, maandazi, mkate, tambi, biskuti, sambusa, bia. Maisha yote, na hata vumbi la unga lisiingie kwenye chakula changu. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, ya watu nisiowajua. Sikuhisi huzuni. Sikuhisi kitu. Nilimuuliza kama ugali naruhusiwa, akasema ndiyo, nikasema sawa. Kwenye basi la kurudi mke wangu alilia, mimi nikatazama nguzo za umeme.

Baada ya hapo nilijifunza kwamba neno gumu kuliko yote katika lugha yetu ni "kidogo". Kila mtu alikuwa nalo. "Kipande kidogo tu, shemeji, utatuvunjia heshima." "Bia moja, fundi, haijawahi kuua mwanaume." Kuna mzee wa kanisa aliyeniuliza, kwa upole kabisa, kama sioni kwamba ni imani yangu ndiyo iliyo kidogo. Mpwa wangu aliniunga kwenye kundi la simu la watu wenye ugonjwa huo, wengi wa Dar na Nairobi. Walikuwa wema. Walipeana majina ya maduka yanayouza mkate usio na ngano, na duka lililokuwa karibu yangu liliuza betri, sabuni na kamba. Nilisoma kila kitu walichoandika na sikuandika neno.

Nikaacha kula na watu. Harusini nilisema nimeshiba, msibani nilisema nina haraka. Nyumbani nilikula chumbani mlango umefungwa, kwa sababu sebuleni watoto walikuwa na mkate wao. Kwetu sisi anayekula peke yake ni mchoyo au mchawi, na hakuna asiyejua hilo. Niliona wazi kwamba nikiendelea hivyo tumbo litapona na watu wataniishia. Niliiona kama mtu anavyoona mvua inakuja akiwa amelala, ana uvivu wa kuanua nguo.

Ufundi ukanishinda. Wazazi wangu walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mke wangu alinipeleka kwao. Mwanaume kuugulia ukweni ni aibu, lakini lisilobudi hutendwa. Nilipewa nyumba ndogo ya vijana, upande wa pili wa jiko.

Mchana wa kwanza mke wangu alimweleza mama yake habari zote. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta, na kwa sauti zile za kwao sikuhitaji kutega sikio. Alieleza mpira wa kamera, utumbo, gluteni, shayiri. Kisha nikasikia mchi ukiwekwa chini.

"Kwa hiyo ngano ni mwiko wake," mama alisema.

"Si mwiko, mama. Ni ugonjwa."

"Nimesikia. Bibi yako mzaa baba alikuwa hali kondoo. Alidanganywa mara moja akala, akatoka vipele mpaka kwenye ulimi. Ulisikia nani akimwambia bibi yako ale kidogo?"

"Hakuna."

"Chungu chake aliazima nani?"

"Hakuna, mama."

"Basi. Mwiko hauna kidogo."

Mchi ukaendelea. Nilikuwa nimelala chali natazama bati. Tangu Mwanza hakuna aliyelipokea jambo hili bila kunipunguzia au kunihurumia, na yeye alilipokea kama anavyopokea habari kwamba fulani ni mrefu. Nilihisi nafuu. Nakumbuka, kwa sababu ilikuwa imepita muda mrefu bila kuhisi chochote, na hata hiyo nafuu ilikuja kwa mbali.

Kuanzia siku hiyo mji wake, yaani boma lake lote, ulikuwa na sheria. Nilikuwa na chungu changu, upawa wangu na kibuyu changu, vilivyowekwa juu ya dari ambapo mtoto hafiki. Mgeni aliyekuja na mkate, kama ilivyo desturi ya mgeni, alipokelewa vizuri na mkate ukapelekwa kwa jirani kabla haujavuka uwanja. Nililishwa ugali wa mtama, mlenda, dagaa, wali, na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani.

Jioni wanaume wa mji walikula shikome, kwenye moto wa uwanjani, wote sinia moja. Mimi nilitaka kubaki ndani. Baba mkwe alikuja mwenyewe akaniita, nikatoka. Siku moja ndugu yake alifika kutoka mjini na chapati zimefungwa kwenye gazeti. Kwa furaha ya kuonana na watu akazimwaga katikati ya sinia, juu ya ugali. Mgeni ni mgeni. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta uongo wa kuondokea.

Sauti ikatoka jikoni. "Kuku! Mwambieni shemeji yangu hapo alipoweka pana mwiko wa mtu. Azitoe, anawe mikono. Na sinia lirudi lioshwe."

"Mwiko wa nani?" aliuliza ndugu yake baba mkwe.

"Wa huyu mkwe," baba mkwe alisema. "Ngano."

"Aa! Mngeniambia." Akazikusanya chapati zake upesi, akaenda kunawa mpaka kwenye viwiko. Ugali ule ukapewa mbwa, ukasongwa mwingine, na wanaume wazima wakakaa na njaa zao kungoja. Hakuna aliyenung'unika, wala aliyesema "kidogo tu". Kisha tukala wote. Gluteni ilikuwa imenitenga na watu wa machimbo waliosafiri nchi nzima, na neno moja la mama mzee lilinirudisha kwenye sinia.

Nisimfanye malaika. Heshima yake hiyohiyo ilikaribia kuniua.

Nilipokuwa kwake nilianza kunenepa, kisha ghafla nikarudi nyuma. Tumbo likaanza tena, usiku na mchana. Mke wangu alikuwa amerudi Kahama tunakoishi, kwenye biashara yake ya mchele. Chakula nilipewa na Doto, aliyekuwa likizo, na mtoto wa kike hawezi kuambiwa habari za tumbo la baba yake. Baba mkwe naye huwezi kumwambia chakula cha mkewe kinakuharisha. Kuhusu mama mkwe mwenyewe, afadhali nife. Kwa hiyo nilikula kila nilicholetewa, nikasema asante, nikaenda chooni. Yeye naye aliona vyombo vinarudi vitupu akafurahi, akaongeza. Mvua mbili zilinyesha tukiwa katika hali hiyo. Ni watu wa adabu tu wanaoweza kufanya upumbavu kama ule.

Asubuhi moja nilisikia: "Kuku, njia ya chooni imekuwa pana kuliko njia ya lambo. Kuna nini?"

Sikujibu. Kuku hawakujibu pia.

"Kuku. Nauliza kwa sababu naogopa."

Hapo nikafungua mdomo. Nilikuwa sijawahi kusema na kuku wa mtu. "Kuku," nikasema, "mwambieni bibi tumbo limerudi, tangu ulipoanza ule uji."

Uji ule alikuwa anautengeneza kwa unga wa lishe. Alikuwa ameununua kwa akina mama fulani wa sokoni, kwa sababu aliona watoto wenye utapiamlo wanapewa na wanapona, na alinichanganyia maziwa humo. Alituma mtu kuuliza. Unga ulikuwa wa mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano kidogo.

Alichukua mfuko wote akaumwaga kwenye shimo la taka. Akavunja chungu changu, kwa kuwa kimeshanajisika. Halafu akanyamaza. Kunyamaza kwa mtu yule kulikuwa kama redio kuzimika katikati ya mechi, kila mtu alitoka nje kuuliza. Alikaa nyuma ya jiko na kuwaambia kuku, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Nimemlisha mtoto wa watu sumu kwa mkono wangu."

"Kuku," nilisema, "mwambieni hakuna anayejua kilichomo kwenye unga akishasagiwa na wengine."

Kuanzia siku ile nafaka yangu aliitwanga mwenyewe, na jiwe la kusagia la mama yake lililokuwa limeegemezwa ukutani bila kazi likarudi kazini. Wanakijiji walimcheka, mashine iko hapo karibu. Alisema mashine haina haya.

Jambo jingine nililigundua baadaye, na ndilo hunifanya nicheke mpaka leo. Mama mkwe wangu alikuwa mlevi wa maandazi. Maandazi ya mnadani, yale makubwa ya iliki, na chai iliyojaa sukari mpaka kijiko kinasimama. Alipoyapiga marufuku mjini kwake nilidhani hayapendi. Siku moja ya mnada nilikuwa natoka lambo kuoga, nikapita nyuma ya zizi, nikamsikia anaimba. Alikuwa amesimama peke yake kwenye samadi, kanga imefunika kichwa, anakula andazi. Alipomaliza akakung'uta kanga, akanawa kwa maji aliyokuja nayo kwenye chupa, akasukutua, kisha ndipo akaingia uani kwake. Niliinama nyuma ya minyaa kama mwizi. Mkwe haruhusiwi kumwona mama mkwe akila, na mimi nilikuwa nimemwona. Sikumwambia mtu.

Nikapona kiasi cha kurudi kazini. Niliachana na Mwakitolyo nikafungua karakana Kahama, upande wa kuelekea Buzwagi, ili nile nyumbani. Ganzi haikuondoka yote, na sijui kama itaondoka. Mjini mambo yalikuwa yaleyale, kidogo tu, kidogo tu. Nilijifunza kusema "ni mwiko wetu", na ajabu, watu waliacha. Lakini wageni hupungua kwenye nyumba isiyo na maandazi, na mara nyingi nilikula peke yangu.

Kisha yeye akaugua. Aliletwa Kahama kwa matibabu, na kwa kuwa hawezi kulala chini ya bati moja nami, tulimpangia chumba kwa jirani. Ilikuwa sukari. Wakamkataza chai yake, wakamkataza maandazi, uji mtamu, viazi vingi, ugali mkubwa. Jirani yetu alikuwa mtu mwema. Alimpikia chakula chake mbali, akampakulia mbali, halafu familia ikakaa mezani na yeye akapewa sahani yake kwenye kiti cha pembeni. Na kila siku mtu alimwambia, "Bibi, onja sukari kidogo, haiui."

Akaacha kula.

Mke wangu alirudi kutoka kwake amechoka. "Mama hali. Anasema anawekewa pembeni kama mbwa mgonjwa. Anasema bora arudi akafie kwake. Daktari kasema akiendelea na vidonge bila kula atazimia." Alikaa kitandani akaangalia mikono yake. "Nikae naye nile naye, lakini biashara je? Nitakula naye mara moja kwa siku. Hizo nyingine?"

Mchana uliofuata nilifunga karakana mapema. Nilisonga ugali wa mtama, mdogo. Nikapika mlenda na dagaa bila chumvi nyingi. Nikapakua kwenye sahani moja kubwa, nikaifunika, nikavuka uchochoro. Familia ya jirani ilikuwa kazini. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na pazia limeshuka.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama. Baba Kulwa."

Kitanda kikatoa mlio. Alikuwa hana pa kukimbilia, chumba kile kina mlango mmoja.

"Mama Kulwa yuko sokoni," alisema hatimaye.

"Najua. Nimeleta chakula."

"Weka hapo uende."

"Siendi, mama. Nitakaa hapa kizingitini, nimegeukia nje. Wewe ukae ndani ugeukie ukuta. Sahani iko katikati."

Nilijua ninachomwomba mtu wa aina yake. Kama angeniambia niondoke ningeondoka, na nisingemlaumu. Niliweka sahani sakafuni, nikaisukuma chini ya pazia mpaka nusu, nikakaa nimeugeukia uchochoro. Pikipiki ikapita. Mbuzi wa mtu alisimama akanitazama.

"Umepika wewe?"

"Mimi."

"Huo unga umesagia wapi?"

"Nimetwanga mwenyewe, mama."

"Hauna ngano?"

"Hauna."

Nikasikia anashuka kitandani taratibu, anashika ukuta, anakaa. Pumzi zake zilikuwa karibu. Nilinyoosha mkono nyuma nikapapasa ugali, nikamega tonge, nikasubiri. Kisha upande wa pili wa sahani ukatikisika, naye akamega.

Nililia. Sikujua nimeanza saa ngapi, na sikuweza kufuta machozi, mkono mmoja ulikuwa na mlenda na mwingine nilikuwa nimeuegemea. Nadhani alisikia. Alitafuna, akameza.

"Kula, baba," alisema. "Unapoa."